Mbwa Katika Lugha ya Magazeti ya Kiswahili

Ubora wa gazeti hupimwa kwa mizani nyingi. Wapo wanaoupima kwa wingi wa nakala zinazouzwa, wapo wanaoupima kwa ushujaa wa mhariri mbele ya wenye mamlaka, na wapo walimu wa lugha wanaoupima kwa kuhesabu makosa ya sarufi na kuyatia wino mwekundu. Kila mizani ina haki yake. Lakini ipo moja inayotumiwa kwa nadra, nayo ni kutazama jinsi gazeti linavyosimulia habari za kiumbe asiyeweza kumwandikia mhariri barua ya kulalamika. Mbwa ni kiumbe wa namna hiyo. Hanunui gazeti, hana wakili, wala hapigi kura. Maneno ya kumtaja huchaguliwa pasipo hofu ya kupingwa, na kwa sababu hiyo huonyesha, waziwazi kuliko maneno mengine, kiasi cha uangalifu alio nao mwandishi.

Huenda jambo hili likaonekana dogo kwa mtaalamu wa lugha aliyezoea kushughulika na tenzi na istilahi za sayansi. Si dogo. Kwa makadirio ya wataalamu yaliyotangazwa mwaka 2015, watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka duniani kwa kichaa cha mbwa, walio wengi katika Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa kwa kuumwa na mbwa. Shirika la Afya Duniani laeleza ya kuwa katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Basi neno analolisoma mzazi katika gazeti la asubuhi, au analosomewa na jirani barazani, laweza kuwa na uzito kuliko tahariri nzima ya siasa.

Magazeti ya Kiswahili yana nasaba ndefu. Msimulizi lilichapwa Unguja tangu mwaka 1888. Mambo Leo lilianzishwa na Idara ya Elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Baraza lilitokea Nairobi mwaka 1939. Baadaye, katika siasa ya kisomo cha watu wazima, likaja Elimu Haina Mwisho, gazeti la vijijini la kanda ya Ziwa Viktoria, mwaka 1974. Kurasa zilizokuwa na uhai zaidi katika magazeti ya namna hiyo ni zile zilizojazwa na wenyeji: mwalimu, karani, au mkulima aliyeandika mambo ya mahali pake kwa maneno ya mahali pake. Sarufi yake huenda ilikwenda kombo, lakini alijua anachokisema. Akiandika habari ya mbwa, alimjua mbwa na alimjua mwenyewe.

Leo mambo yamegawanyika. Habari za mbwa katika magazeti ya Kiswahili ni za namna mbili. Namna ya kwanza ni ya mbwa anayeuma: imetoka kata fulani, imepatikana kwa polisi au kwa mwenyekiti wa kijiji, na huandikwa kwa haraka. Namna ya pili ni ya mbwa anayeokolewa: mtu fulani, mara nyingi ng'ambo au katika vitongoji vya wenye nafasi, amemchukua mbwa aliyetupwa akamfuga. Hii ya pili kwa kawaida imefasiriwa kutoka Kiingereza, nayo huwekwa katika ukurasa wa vichekesho na maajabu. Namna hizi mbili hazikutani kamwe. Msomaji haambiwi ya kuwa mbwa wa habari ya kwanza na mbwa wa habari ya pili ni yule yule. Hapo ndipo ulipo udhaifu mkubwa wa uandishi huu, na chanzo chake ni maneno.

Neno la kwanza linalostahili kuchunguzwa ni "mbwa koko". Kamusi za zamani zamweleza kuwa mbwa wa kichakani, asiyefugwa. Katika matumizi ya sasa neno hili limebeba maana mbili zisizohusiana. Maana ya kwanza ni ya nasaba: mbwa wa kienyeji, asiye wa mbegu ya Kizungu. Maana ya pili ni ya umiliki: mbwa asiye na mwenyewe. Mwandishi wa habari anayesema ya kuwa mbwa koko wameenea mjini hujikuta amesema mambo mawili kwa pamoja, na la pili hakulichunguza. Amemwona mbwa mwembamba wa rangi ya kahawia akipita njiani bila kamba shingoni. Kwa kuwa ni wa kienyeji, amehukumu ya kuwa hana mtu.

Hukumu hiyo, katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, si ya kweli. Uchunguzi uliofanywa kwa miaka mingi katika vijiji vya Tanzania, hasa vile vya jirani ya Serengeti, umeonyesha ya kuwa mbwa walio wengi wanaozunguka huru wana wenyewe. Mchana hutembea, usiku hurudi kulinda zizi. Mwenyewe hamfungi kwa sababu desturi haimtaki amfunge. Mbwa huyo akiitwa mahali pa chanjo, mtoto wa nyumbani humleta kwa kamba ya katani. Akiandikwa "koko" katika gazeti, huwa amekwisha kunyang'anywa mwenyewe kwa kalamu kabla hajapigwa risasi kwa bunduki.

Nayo risasi hufuata. Habari za namna ya kwanza humalizika mara nyingi kwa kutangaza ya kuwa mbwa wanaozurura watauawa, na mwandishi huliandika jambo hilo kama ndiyo dawa. Wataalamu wa ugonjwa huu wamekwisha kuonyesha ya kuwa sivyo. Mauaji ya jumla hayakomeshi kichaa cha mbwa. Waliouawa hufuatwa na vizazi vipya. Wenye mbwa huwaficha au kuwahamisha, wakahama na ugonjwa. Na pamoja na wagonjwa hufa wale waliokwisha kuchanjwa, ambao ndio walikuwa ukuta wa kijiji. Kinachokomesha ugonjwa ni kuwachanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka. Gazeti linalosema "koko" pasipo kuuliza "wa nani?" laisaidia bunduki na kuizuia sindano, ingawa halikukusudia hivyo.

Jambo la pili ni la sarufi yenyewe. Neno "mbwa" ni la ngeli ya N kwa umbo, lakini kwa kuwa ni kiumbe mwenye uhai hufuata upatanisho wa watu: mbwa huyu amekuja, mbwa hawa wamelala. Kiswahili kimempa mbwa heshima hiyo ya kisarufi pamoja na viumbe wote wenye roho. Lakini katika vichwa vya habari za kuumwa, mbwa hugeuzwa "jibwa", na upatanisho nao hugeuka: jibwa hilo limemvamia, majibwa hayo yameua. Ukubwa unaoonyeshwa na kiambishi ji- si wa mwili. Mara nyingi mwandishi hakumwona mnyama wala hakumpima. Ni ukubwa wa chuki. Kwa herufi mbili mnyama ametolewa katika jamii ya wenye roho akatiwa katika jamii ya mawe na majembe. Mbwa wa habari ya pili, yule aliyeokolewa na tajiri, hupatwa na kinyume chake: huitwa "kijibwa", naye hugeuka mwanasesere. Kati ya jibwa na kijibwa, mbwa mwenyewe hapatikani.

Hapana haja ya kudai ya kuwa ukubwa na udogo vipigwe marufuku. Ni mali ya lugha, na msimuliaji wa hadithi hawezi kuishi bila ya mali hiyo. Linalodaiwa ni kwamba mwandishi wa habari ajue anachokifanya anapoitumia. Habari si ngano.

Jambo la tatu ni lile linaloachwa. Jina "kichaa cha mbwa" limeufunga ugonjwa kwa mnyama mmoja, ingawa paka, ng'ombe, punda na bweha nao huupata. Jina limekwisha kukaa, wala hakuna faida ya kulipiga vita. Lakini kwa sababu jina lenyewe laonyesha kidole kwa mbwa, mwandishi huona amekwisha kueleza kila kitu akilitaja. Hasemi ya kuwa jeraha lioshwe papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa muda wa dakika 15. Hasemi ya kuwa aliyeumwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akapewe chanjo, wala asingoje kuona kama ataugua, kwa sababu dalili zikishatokea kupona ni kwa nadra mno. Mistari 3 ingetosha. Nafasi hiyo hupewa maelezo ya damu na kilio. Gazeti la namna hiyo huenda likawa halina kosa hata moja la sarufi, na bado likawa gazeti baya.

Sasa yafaa kuiangalia habari ya namna ya pili, ya mbwa aliyeokolewa. Hapa shida ni ya tafsiri, nayo yampasa mtaalamu wa lugha aitazame kwa makini, kwa kuwa wafasiri wamejaribu njia kadhaa na kila moja imewatupa mahali wasipopatazamia.

Wapo wanaoandika "kuasili mbwa". Kitenzi hiki kimekaa katika lugha ya sheria kwa maana ya kumtwaa mtoto wa mtu mwingine na kumfanya awe wa kwako kwa hukumu ya mahakama. Kwa maana hiyo chatumika katika maelezo ya Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009. Mtoto aliyeasiliwa hupata jina na haki ya nyumba. Mwandishi anapokihamisha kitenzi hicho kwa mbwa, msomaji husikia ya kuwa mbwa ameingizwa katika ukoo, na hukasirika kwa haki. Hasira hiyo si ya kumchukia mbwa. Ni ya kulinda daraja ya mtoto. Neno la zamani la "mtoto wa kupanga" nalo halisaidii, kwa maana mbwa wa kupanga angedhaniwa kuwa analipa kodi ya chumba.

Wapo wanaoandika "mbwa yatima". Kosa ni lile lile, na limezidi. Mbwa mkubwa hana mayatima ya kuliliwa. Na neno yatima, katika jamii iliyozika wazazi wengi, si la kuchezewa kwa ajili ya kupamba kichwa cha habari. Wapo wanaosema "hifadhi ya mbwa" kwa maana ya nyumba wanamotunzwa, nao husahau ya kuwa hifadhi, kwa msomaji wa leo, ni Serengeti na Tsavo. Hivyo huwadhania mbwa hao kuwa mbwa mwitu. Na neno "mbwa mwitu" lenyewe lina mzigo wake, kwa maana ndilo lililotumiwa na wafasiri wa Biblia kwa mnyama wa Ulaya na Asia asiyepatikana katika nchi hizi.

Hata kitenzi "okoa", ambacho ni safi, chataka uangalifu. Mbwa aliyeokolewa ni sawa. Lakini mwandishi akiteleza akatumia kauli ya kutendeka, akaandika "mbwa waliookoka", atakuwa amewatia mbwa katika mkutano wa Injili. Kauli hiyo imekwisha kuchukuliwa na makanisa, wala mhariri hawezi kuirudisha.

Makosa haya si ya kuchekesha tu. Yanalifanya jambo lenye manufaa lionekane kuwa upuuzi wa wageni. Msomaji hujiuliza: Kwa nini mtu amwasili mbwa na hali watoto wa watu wana njaa? Swali hili ni la haki, lakini si jipya wala si la Kiafrika peke yake. Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London, Mary Tealby, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea na wenye njaa katika mtaa wa Holloway. Gazeti la The Times lilimdhihaki katika tahariri, kwa hoja ile ile ya kuwa huruma imepotea njia. Miaka miwili baadaye jarida la All the Year Round, lililohaririwa na Charles Dickens, lilichapa makala iliyolinganisha maonyesho ya mbwa wa thamani yaliyofanyika Islington na nyumba ile ya mbwa maskini, nayo ilisimama upande wa nyumba. Mwaka 1871 nyumba hiyo ilihamia Battersea, na mpaka leo ipo. Funzo si kwamba Waingereza wana huruma kuliko watu wengine. Tahariri yenyewe yakanusha hayo. Funzo ni kwamba gazeti kubwa, lenye lugha fasaha kabisa, laweza kulishindwa jambo dogo kwa sababu limechagua kuchekesha, na jarida jingine laweza kulitendea haki kwa kwenda kutazama.

Kutazama ndiko kunakokosekana pia katika hoja ya dini. Habari za mbwa huandikwa mara kwa mara kana kwamba pwani ya Waswahili haina la kusema juu ya mbwa ila unajisi. Ni kweli ya kuwa katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, kilichorambwa na mbwa huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo, na mbwa hakai ndani ya nyumba. Lakini madhehebu hayo hayo yaruhusu mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba. Kurani yawataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, na yamtaja mbwa aliyelala kizingitini pamoja na Watu wa Pango. Na hadithi mashuhuri yasimulia mtu aliyesamehewa kwa kumteka mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake. Unajisi ni hukumu ya mate. Haikuwa kamwe hukumu ya kumnyima kiumbe maji. Mwandishi anayewahimiza wasomaji wa Lamu au Wete wamweke mbwa sebuleni hajui anaandikia nani. Anayewaambia ya kuwa dini yao inawakataza kumhurumia hajui pia.

Kisiwa cha Pemba chatoa jibu ambalo lingefaa kujazwa katika ukurasa wa kwanza. Huko mbwa walichanjwa kila mwaka kisiwa kizima, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Chanjo ikalegea, mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena. Chanjo ikarudishwa kisiwani kote, na Oktoba 2018 mlipuko huo ukazimwa. Hapana habari njema kuliko hii juu ya mbwa na watu katika lugha ya Kiswahili, nayo ilitendeka mahali ambapo karibu kila mwenye mbwa ni Mwislamu au jirani wa Waislamu. Hawakuhitaji kuwaasili mbwa wao. Walihitaji kuwakubali kuwa ni wao, na kuwaleta chanjoni.

Yafaa basi kuuliza thamani ya kumchukua mbwa aliyeokolewa ni ipi katika nchi hizi, ukiondolewa uzito wa tafsiri mbaya. Thamani yake si kuiga mitindo. Mbwa anayetoka katika kituo kinachofanya kazi ipasavyo hutoka akiwa amechanjwa na kuhasiwa. Mtu anayemchukua hupata mlinzi bila kununua mtoto wa mbwa kutoka kwa wafanyabiashara wanaozalisha wanyama kwa fedha. Mtaa hupungukiwa na mbwa mmoja asiye na wa kumwajibikia. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania, Na. 19 ya mwaka 2008, yamtaka mwenye mnyama awe na wajibu. Na hapana wajibu pasipo mwenyewe. Lakini ukweli wadai iongezwe ya kuwa kuwachukua mbwa mmoja mmoja hakutakomesha ugonjwa. Kazi hiyo ni ya chanjo ya jumla. Gazeti litakalodai zaidi ya hapo litakuwa limetoka katika dhihaka na kuingia katika kutia chumvi.

Na lugha je? Neno lipo, wala halihitaji kamati. Kiswahili hakimtazami mbwa kwa swali la ukoo, bali kwa swali la mwenyewe. Mbwa hana mwenyewe, au anaye. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kueleza ya kuwa mbwa aliyetupwa amechukuliwa na mtu kutoka kituoni, aandike ya kuwa mbwa huyo amepata mwenyewe. Nyumba anamotoka iitwe kituo cha kutunzia mbwa. Mtu aliyemchukua aitwe mfugaji au mwenyewe. Na anayezunguka njiani aitwe mbwa asiyefungwa, mpaka iulizwe na ijulikane kama ana mtu au hana. Maneno haya ni ya kawaida mno, na huo ndio ubora wake. Hayamwondolei mtoto daraja yake, hayamtii mbwa sebuleni, wala hayamtoi katika jamii ya wenye roho. Zaidi ya hayo yaziunganisha zile habari mbili zilizotengana: mbwa asiye na mwenyewe wa ukurasa wa pili na mbwa aliyepata mwenyewe wa ukurasa wa mwisho huonekana kuwa mbwa mmoja, na msomaji huona ya kuwa kilichobadilika kati yao ni kitendo cha mtu.

Wahenga walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia. Methali hiyo huelezwa kwa watoto na wazazi, kwa watumishi na mabwana. Lakini yafaa mara moja isomwe kama ilivyo. Tabia ya mbwa ni habari ya mwenyewe. Mhariri anayetaka kujua kama gazeti lake ni bora, na asichukue makala ya siasa iliyopitiwa na macho 10. Achukue habari fupi ya mbwa aliyemuuma mtoto, aliyoiandika mwandishi mchanga jioni ya mwisho wa juma, aulize mambo matatu: mbwa ni wa nani, jeraha lilioshwa kwa nini, na mbwa wa jirani wamechanjwa au la. Iwapo habari yajibu hayo, gazeti hilo lina wasomaji wanaoheshimiwa. Iwapo yajibu tu ya kuwa jibwa koko limeuawa, kosa halimo katika ngeli peke yake, na mtoto mwingine wa mtaa ule bado yumo hatarini.